Mgeni wangu kastaafu, mie namchungulia kwa simu

Ukimwambia mtu wa nyumbani kwamba unafuga mbwa ambaye halindi, hawindi, kubweka kwake mara moja kwa mwezi, na mchana kutwa kalala kwenye kochi miguu juu, atakuuliza swali moja tu: "Sasa wa nini?" Mama yangu kaniuliza hivyo kutoka Tanga. Shoga yangu wa Mombasa kaniuliza. Hata fundi bomba, Mwingereza wa kuzaliwa, alimruka pale mlangoni na mfuko wake wa spana, akaniuliza hivyohivyo. Basi leo, mpenzi msomaji, acha nijibu mara moja yaishe.

Mwenzenu naishi Manchester, Uingereza, mtaa wa Gorton. Kazi yangu ni kuzunguka majumbani kwa wazee: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwapa chai na dawa, na jioni kuwarudisha kitandani. Zamu ya asubuhi ni saa moja mpaka saa tano, ya jioni saa kumi mpaka saa mbili usiku. Katikati hapo nipo nyumbani, nanyoosha mgongo. Miaka miwili iliyopita nyumba hiyo ilikuwa na mtu mmoja na televisheni. Siku hizi tuko wawili, na televisheni haina mtu wa kuiangalia, maana wote tunamwangalia yeye.

Jina lake Mgeni. Ni dume, mweusi, kifua cheupe, kilo 33, miguu mirefu kama ya swala na mbavu za kuhesabika. Watu wakimwona barabarani wananiambia nimpe chakula. Mbwa wa mbio ndivyo walivyo, wale ambao Waingereza wanawaita greihaundi. Mafuta mwilini hana, manyoya mepesi kama kitambaa cha kanga, kwa hiyo ikifika Novemba ananivalia koti. Ndiyo, koti! Mama alipoona picha akasema, "Mwanangu, mbwa ana koti kuliko mjomba wako."

Nilimchukua kwenye kituo kinachowatafutia makao mbwa waliostaafu mbio. Uwanjani alikuwa na jina refu la maneno matatu, kama jina la kampuni ya mabasi. Mie nikamwita Mgeni kwa sababu ya siku ya kwanza. Aliingia sebuleni akasimama katikati. Hakunusa kitu, hakulala, hakukaa. Anasubiri aambiwe. Dakika ishirini amesimama tu, kama mtu aliyekuja kuposa. Baadaye nikaelezwa kwamba wengi wao kukaa kitako hawapendi, mapaja yamejaa misuli mno. Lakini mie siku ile niliona adabu ya ugenini tu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wangu jembe lake alikuwa ameshalitua.

JEMBE LENYEWE

Ukifunua masikio ya Mgeni unakuta herufi zimechorwa kwa wino ndani, kushoto na kulia. Masikio yote mawili maana yake kazaliwa Ireland. Wa Uingereza huchorwa sikio moja. Wengi wanaokimbia kwenye viwanja vya Uingereza wanatoka huko. Wanaanza kazi wakiwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kama mitatu hivi, na wakifika miaka mitatu, minne, wakijitahidi sana mitano, basi. Hapo mnyama ana uwezo wa kuishi mpaka miaka kumi na mbili au zaidi. Ni kama wewe ustaafishwe ukiwa na miaka thelathini na mitano, kisha uambiwe kwaheri.

Kazi yenyewe haichukui hata dakika. Mbwa sita wanaingizwa kwenye vijisanduku sita vilivyopangwa mstari mmoja. Kila mmoja kavaa kizibao chenye namba: moja nyekundu, mbili bluu, tatu nyeupe, nne nyeusi, tano rangi ya chungwa, na sita ni milia myeusi na myeupe. Sungura wa bandia anapita kwenye reli anakokotwa na mashine, milango inafyatuka, wanatoka. Mbwa hawa wanafika kilomita 70 kwa saa. Katika kila hatua moja, miguu yote minne inakuwa hewani mara mbili. Nusu dakika, imekwisha. Watu wanachana tiketi zao au wanakwenda kuchukua hela.

Mashine hiyo ya sungura alianza nayo Mmarekani, Owen Patrick Smith, aliyefungua uwanja Emeryville, California, mwaka 1919. Uingereza ililetwa hapahapa Manchester, kwenye uwanja wa Belle Vue, tarehe 24 Julai, 1926, na mbwa aliyeshinda mbio ya kwanza kabisa aliitwa Mistley. Miaka mitatu tu baadaye nchi nzima ilikuwa inamwimba mbwa mmoja kutoka Ireland, Mick the Miller, aliyeshinda Derby ya Uingereza mwaka 1929 na tena 1930. Alipokufa wakamkausha, na yupo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho la Tring, amesimama ndani ya kioo.

Belle Vue ni jirani kabisa na mtaa wangu. Mbio za mbwa pale zilikoma mwaka 2020. Viwanja vingine vikubwa vilitangulia: Walthamstow mwaka 2008, Wimbledon 2017. Februari 2025 Serikali ya Wales ilitangaza kwamba itazipiga mbio hizi marufuku, na New Zealand ilikuwa imetangaza hivyohivyo Desemba 2024. Wapo wanaosikitika, wapo wanaoshangilia. Mgeni hana maoni. Yeye ukimwonyesha uwanja wa nyasi leo anakimbia mizunguko miwili kama kichaa, anarudi, anakuegemea pajani kwa kilo zake zote 33, anataka kwenda nyumbani kulala.

HAJAWAHI KUWA PEKE YAKE

Sasa tatizo. Mbwa huyu hajawahi kukaa nyumba ya watu. Ngazi hazijui: siku ya kwanza alifika ngazi ya tatu akaganda, ikabidi nimbebe, mie mwenye kiuno hiki! Mlango wa kioo haujui, aliugonga kwa pua. Kwenye kioo aliona mbwa mwingine mweusi akamwinamia kichwa kwa heshima. Na akiwa usingizini humgusi ghafla, unamwita kwanza, maana bandani hakuna mtu aliyekuwa anamgusa amelala.

Lakini kubwa kuliko yote, hajawahi kuwa peke yake. Kazaliwa na ndugu zake, kakua nao, kaingia banda la mazoezi akalala na mwenzake, usiku mabanda yote yanahema pamoja. Kisha siku moja anajikuta kwenye sebule ya Gorton, saa moja kasoro robo asubuhi, na yule mtu pekee anayemjua anachukua funguo na kutoka.

Wiki ya tatu ikaja barua. Dalali anayesimamia nyumba kwa niaba ya mwenye nyumba aliandika kwamba majirani wanalalamika: mbwa analia mchana kutwa. Nina siku kumi na nne nilimalize jambo hilo, la sivyo mbwa aondoke, au mkataba wangu ukiisha hautaandikwa mwingine.

Niliisoma barua ile mara tatu nimesimama na koti. Anayeijua Uingereza anajua kutafuta nyumba nyingine kwa mshahara wangu ni hadithi gani, ukiongeza na mbwa ndo kabisa. Na mkataba wa kituo unasema waziwazi: ukishindwa, mbwa unamrudisha kwao, humpi mtu mwingine. Yaani arudi bandani, safari hii akiwa ameshajua kochi ni nini. Mgeni alikuwa kalala pale chini, kaweka shingo juu ya kiatu changu cha kazini.

Mchana uleule nikaenda dukani nikanunua kamera ndogo ya pauni 25. Nikaibandika juu ya rafu, nikaiunganisha na simu.

BIRIKA LA KAHAWA

Kabla sijawaambia niliona nini, kidogo niwape ya hizi kamera, maana historia yake inachekesha. Kamera ya kwanza ya aina hii iliwekwa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1991. Si kwa ulinzi, si kwa sayansi. Wataalamu wa kompyuta walikuwa wamechoka kupanda ngazi kwenda kwenye birika la kahawa na kulikuta tupu. Wakalielekezea kamera, kila mtu akawa analichungulia kwenye kompyuta yake. Mwaka 1993 wakaiweka kwenye intaneti, na dunia nzima ikawa inaangalia birika la watu. Ilizimwa mwaka 2001.

Kwa hiyo ukiniona kwenye kituo cha basi natumbulia macho picha ya kochi, usinicheke. Wasomi walianza na birika.

Siku ya kwanza ya kamera nilitoka saa moja kasoro robo. Kwenye basi nikafungua simu. Mgeni amesimama nyuma ya mlango kama sanamu. Dakika tatu hatikisiki hata sikio. Kisha akainua pua juu, shingo yote ikanyooka, akaanza. Si kubweka. Ni kulia kwa kuvuta, kama king'ora cha gari la wagonjwa kinachokwenda mbali. Abiria wa mbele yangu aligeuka. Nikapunguza sauti, lakini macho sikuyatoa.

Alilia dakika kumi na moja. Nilizihesabu. Baadaye akanyamaza, akazunguka sebule, akaenda kwenye kapu la viatu, akachagua ndala yangu moja, ya kulia, akaipeleka kitandani kwake. Hakuitafuna. Aliilalia. Saa tatu na nusu mtu wa barua akasukuma karatasi kwenye tundu la mlango, akaamka akalia dakika nne. Kisha usingizi mpaka nilipoingia.

Jumla dakika kumi na tano kwa masaa manne. Kumi na tano si sifuri, na kwa jirani mwenye ukuta mwembamba ni nyingi. Lakini si mchana kutwa. Nikahifadhi picha za siku nne, nikaenda nazo kwa dalali, nikamwekea simu mezani aangalie mwenyewe. Yule kijana aliangalia weee, mwisho akauliza, "Hiyo ndala anaichagua kila siku?" Nikamwambia kila siku, ya kulia tu. Akanipa mwezi mmoja badala ya siku kumi na nne.

DARASA LA FUNGUO

Dada mmoja wa kile kituo alinipa dawa kwa simu, na dawa yenyewe haiuzwi dukani. Chukua funguo, alisema, halafu usiende popote. Kaa. Vaa koti la kazini, kunywa chai nalo. Fungua mlango, funga, rudi kaa. Toka dakika moja, rudi bila shamrashamra, kama mtu aliyekwenda kutupa taka. Kesho dakika mbili. Kisha tano. Ukimwona kwenye kamera ameanza kuhangaika, kesho yake punguza, usiongeze.

Akanionya na jambo lingine. Kamera hizi zina kipaza sauti, unaweza kuongea ukiwa mbali na mbwa akakusikia. Usithubutu, alisema. Atakutafuta nyuma ya televisheni, atakutafuta chini ya meza, hakuoni. Sauti isiyo na mtu inamtia wazimu zaidi kuliko kimya.

Sasa utajiuliza: mwezi huo wa darasa, kazini nilikwenda vipi? Hapo ndipo alipoingia mzee wa nyumba ya pili. Tunagawana ukuta, kelele zote anazipata yeye, nikajua barua imetoka kwake. Nikabisha hodi na keki niombe radhi. Kumbe wala siye. Ni mzee wa miaka themanini na kidogo, mjane, na ujana wake wote wa Jumamosi usiku aliumalizia Belle Vue. Akamtazama Mgeni, akamfunua sikio, akasoma wino bila miwani. Nilipomweleza shida yangu akasema: "Nimewachezea hawa kamari miaka arobaini. Kumkalia mmoja asubuhi si kitu."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Mgeni anavuka kwenda kwa mzee, wanaangalia mashindano ya mapishi. Mchana na siku zangu za mapumziko ni darasa. Tundu la barua nikaliziba, nikaweka sanduku la barua nje. Pazia la mbele likafungwa. Nikamwachia na redio, ikicheza taarab. Kama anaipenda au anavumilia, mwenyewe ndo anajua, ila usingizi unamjia.

Wapita njia walinifikiria vyovyote walivyotaka. Mtu mzima anatoka nje na koti, anasimama kando ya mapipa ya taka dakika mbili anaangalia simu, anarudi ndani. Anatoka tena. Mvua ya Manchester unaijua? Haimsubiri mtu amalize darasa.

Wiki ya nne nilikaa nje saa moja na nusu, kwenye mkahawa wa karibu. Kwenye simu namwona: kafika mlangoni, kasimama. Dakika moja. Mbili. Nikaacha kunywa chai. Akageuka. Akapanda kochi, akazunguka mara tatu kama anakanyaga majani ya porini, akajiangusha puu. Pumzi aliyoshusha niliisikia kwenye simu. Dalali aliandika barua ya mstari mmoja kwamba suala limefungwa. Mie barua hiyo nimeitunza pamoja na vyeti vyangu.

KUANGALIA NA KURUDI

Mpaka leo kamera ipo. Hatari imepita, lakini mkono umezoea. Nikimaliza kumfunga bibi mmoja viatu, naichungulia. Kalala. Nikisubiri basi, naichungulia. Kalala, kageukia upande wa pili. Mbwa hawa wengi wanalala masaa kumi na sita mpaka kumi na nane, sasa mabadiliko hayo ya upande ndo sinema yenyewe. Siku akilala chali, miguu minne hewani na ulimi nje, nawaonyesha wazee wangu. Bibi wa viatu, ambaye jina langu linampotea kila wiki, la Mgeni halijampotea hata mara moja.

Jumapili moja nilikuwa naongea na mama kwa picha. Ana miaka 71, simu anaishika karibu mno, naona paji la uso na kipande cha feni. Nikamsimulia darasa zima, kuanzia funguo mpaka siku ya mkahawa. Alicheka mpaka akajifuta kwa upindo wa kanga. Kisha akauliza:

"Sasa huyo mbwa kajuaje kwamba utarudi?"

"Kwa sababu narudi, mama. Kila siku narudi."

Akanyamaza. Feni nyuma yake inazunguka.

"Mie nakuona kila Jumapili, mwanangu," akasema. "Kukuona nakuona. Sauti naisikia."

Hakuongeza neno. Mama yangu si mtu wa kulaumu, na sababu anazijua kama mie: nauli, makaratasi ya ukaazi, zamu, ada za mdogo wangu. Mara ya mwisho nilikanyaga Tanga mwaka 2019. Nilimkumbuka yule dada wa kituo, na ile habari ya sauti isiyo na mtu. Usiku ule Mgeni alikuja mwenyewe kuegemea mguu wangu nikiwa natafuta bei za ndege.

Nimepata tiketi ya Desemba, wiki tatu, kupitia Dar. Hela ya likizo yote imekwenda humo, na nimefanya zamu za Jumamosi tangu Agosti. Mgeni atahamia kwa mzee wa pili. Nikamwomba mzee ruhusa niweke kamera kwenye sebule yake kwa hizo wiki tatu tu. Akakataa katakata. Eti hataki nimwone na soksi zake zilizotoboka, na mbwa akiwa mzima hana habari ya kunipa, akiumwa atanipigia.

Kwa hiyo wiki tatu sitamwona. Nimeanza kujifunza. Jana nilifanya zamu nzima ya asubuhi simu iko mfukoni, nikaishika mara mbili nikairudisha. Niliporudi alikuwa palepale kwenye kochi. Alifungua jicho moja, akapiga mkia mara tatu kwenye mto, akalifunga.

Mama naye ameshatoa masharti yake. Chumba changu kitapakwa rangi, samaki wataagizwa Mwambani, na majirani wameshaambiwa. Kuhusu Mgeni kasema picha atazitazama, kwa kuwa anataka kuona hilo koti kwa karibu. Lakini nikifika pale, siku ya kwanza, hataki kusikia nani kalala upande gani huko Manchester. Anataka nikae kitako, nile, nilale mpaka jua lipande, na yeye apite mlangoni kila baada ya muda aone kama bado nipo.